Siku Kumi na Moja za Mwadini Barafuni

Saa mbili asubuhi, Mwadini Khalfan amepanda mizani na viatu vyake vizito katika karakana ya jenereta anakofanya kazi, Wetherill Park, magharibi mwa Sydney. Mkono mmoja ameshika begi, mwingine sanduku la spana. Anainama kusoma namba, anashuka, anatoa fulana mbili begini, anapanda tena.

Ndege ndogo itakayombeba mwezi ujao haina mzaha na uzito.

Fundi huyu mwenye miaka 51, mzaliwa wa Tanga, ana miaka sita sasa ya kuiacha nyumba yake Toongabbie, kitongoji cha Sydney, kila Mei na kwenda kuhudumia mitambo ya umeme kwenye kambi ya watafiti wa barafu, kaskazini kabisa mwa Kanada. Baada ya siku mbili za ndege kubwa, huingia ndege ya injini mbili inayotua kwa kuteleza juu ya theluji. Abiria wanne hubanana na mapipa ya dizeli kwa saa tatu.

"Ukitazama chini ni weupe tu, hakuna mti wala njia," anasema. "Halafu unaona mahema matano, unajua hapo ndipo kwako kwa wiki kumi."

Wiki hizo humlipa karibu mshahara wa nusu mwaka wa karakana. Jua halizami, kwa hiyo huswali kwa kufuata saa ya Sydney. Watafiti wana mazungumzo yao. Yeye hushinda na mashine.

Julai iliyopita, kambi ilipofungwa, watafiti waliondoka kwa safari ya kwanza. Mwadini akabaki kuzima mitambo. Rubani, Bruno, alimwahidi kumrudia kesho yake. Saa chache baadaye ukungu ukashuka, na kesho hiyo ikawa siku kumi na moja.

Chakula kilikuwapo, na jiko la kupashia hema joto liliwaka. Kilichokosekana ni mtu. Alifungua jenereta isiyo na ubovu, akaisafisha, akaifunga, ili tu apate cha kufanya. Siku ya tatu alijisikia akiisemesha. Akanyamaza kwa aibu, ingawa hakuna aliyemsikia.

Alikuwa na dakika tano za simu ya setilaiti kila siku. Mkewe, Bimkubwa, anayehudumia wazee, mara nyingi alikuwa zamuni, hivyo simu ilipokewa na binti yao, Sumeiya, mwenye miaka 15. Sumeiya anaelewa Kiswahili, lakini tangu aanze shule hujibu kwa Kiingereza. Baba yake alishazoea.

Siku ya sita upepo ulikuwa ukilipigapiga hema, na Mwadini akakosa la kusema. Ndipo Sumeiya akauliza, polepole:

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali na maharage ya kopo."

"Maharage tena?"

Mwadini anasema alicheka, kisha akaiweka simu mbali na mdomo ili mtoto asisikie kilio. Tangu siku hiyo Sumeiya alimsemesha kwa Kiswahili, akikosea na kutafuta maneno, mpaka ukungu ulipopasuka na mngurumo wa ndege ukasikika.

Bruno alimkumbatia. Mwadini akamwomba jambo moja tu: aongee njia nzima, lolote lile. Rubani akamsimulia habari za mbwa wake kwa saa tatu.

Kurudi nyumbani hakukuwa kama alivyotarajia.

"Nilidhani nitaongea mpaka wanichoke. Nikakaa kimya," anasema. "Wamejifunza kuishi bila mimi. Siwalaumu."

Safari ya mwaka huu ni ya mwisho, na ameshakubaliana na waajiri kwamba hakuna atakayeachwa peke yake kufunga kambi. Desemba anapanga kwenda Tanga na Bimkubwa na Sumeiya, kwenye nyumba ya dada zake, ambako watu kumi na wanane hula pamoja.

"Mwanangu amenijua kwa kuondoka na kupiga simu," anasema. "Nataka anione nikiwa na watu."