Maziwa ya Nadra

Saidati, fundi cherehani wa mtaa wa Nengo, ni mtu wa kucheka, na cheko lake utalisikia kabla hujafika mlangoni. Usidanganyike lakini. Saratani ya matiti ilimchukua mama yake, ikamchukua na dada yake, kisha alipofikisha miaka ishirini na sita ikamjia yeye mwenyewe. Madaktari wa Kigali walipima damu wakasema ni ya ukoo, wakayaondoa matiti yote mawili, wakampa dawa kali. Yeye swali lake lilikuwa moja tu: nitazaa?

Hakuna aliyemwahidi. Dawa zile huweza kufunga kizazi kabisa, na mwaka mzima hakuziona siku zake. Ziliporudi, alimrukia mumewe Twagirimana, dereva wa basi dogo la Musanze, akamkumbatia mpaka majirani wakachungulia. Ikabidi ameze vidonge miaka miwili tena, ndipo daktari akamruhusu avisimamishe kwa muda, ashike mimba. Hakumficha kitu: mimba haijaonekana kuuamsha ugonjwa, ila akishazaa na kutulia atarudi kwenye vidonge, na baadaye vifuko vya mayai navyo viondolewe. Kwa hiyo mmoja, basi.

Huyo mmoja ndiye aliyemkosesha usingizi. Hakuogopa kuzaa; aliogopa kumwacha mtoto peke yake duniani, bila ndugu, kama alivyobaki yeye baada ya kumzika dada yake. Hilo alimwambia Nadra peke yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe Mudathiru.

Binti alizaliwa Ijumaa, kilo tatu na ushee, na sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya tatu wanawake wakaja kumhemba mzazi, yaani kumpongeza kwa vyakula na vinywaji, kama desturi ilivyo, na mama mkwe Donatille akateremka kutoka Busasamana na ndoo nzima ya uji wa mtama, ule wa kujaza matiti. Maskini, hakujua. Twagirimana alimwambia mama yake kwamba mkewe aliumwa, lakini akaficha kwamba matiti yalikatwa. Donatille akamimina kikombe, akaongeza cha pili, akisifu maziwa yatakavyobubujika.

Saidati akaweka kikombe chini.

"Mama, matiti walikata. Yote mbili. Mi sina maziwa, mutoto anakunywa ya chupa."

Donatille alimvuta mkwewe kifuani akalia, akimlaani mwanawe kwa kumficha. Halafu akafuta uso, akatangaza kwamba ndoo hairudi Busasamana imejaa, akawa wa kwanza kunywa. Wanawake wakacheka, wakapokezana vikombe, nyumba ikachangamka.

Nadra hakucheka. Alimaliza vikombe viwili harakaharaka, akanyoosha mikono.

"Nipatie mutoto."

Saidati alielewa papo hapo. Alimkumbusha shoga yake kwamba hilo si la mzaha: kwa dini yao ya Kiislamu, mtoto akinyonya kwa mama mwingine mara tano kwa shibe, watoto wa mama huyo huwa ndugu zake wa haki, na hawaoani kamwe. Nadra akajibu kwamba anajua, ndiyo maana wiki hiyohiyo alikwenda kliniki kupimwa damu, na vipimo ni safi. Akafungua gauni. Binti, ambaye chupa aliikubali shingo upande, akabugia bila kuuliza.

Donatille, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, alitaka kujua hizo mara tano zimetoka wapi. Akaeleweshwa, akazipenda, akajipa mwenyewe kazi ya kuzihesabu kwa vidole, na ole wake ambaye angemchanganya.

Ya tano ilitimia kesho yake baada ya adhuhuri. Saidati alimpokea mtoto ameshiba, maziwa yanamtiririka kidevuni, akampigia simu Twagirimana aliyekuwa kituoni Musanze akingoja abiria. Alitaka kumweleza yote tangu mwanzo, lakini akasema neno moja tu.

"Mutoto wetu iko na kaka."