Joka Lenye Kikohozi

Mtu akiniambia kwamba kitabu cha kuchekesha si kitabu cha maana, damu hunichemka. Nimejaribu kujizuia, wapi! Nilizaliwa Voi, mama yangu alikuwa na mdomo, nami nikaurithi wote bila kuwagawia ndugu zangu. Kwa hivyo nilipohamishiwa Garissa kufundisha hesabu, nikapata huko watu wawili wa kubishana nao kila alasiri, nilishukuru Mungu kwa bahati ambayo hata sikuiomba.

Tulikuwa tukikaa kwenye benchi nje ya duka la vitabu pale mtaa wa Iftin. Duka lenyewe ni la madaftari, kalamu na vitabu vya kudurusia mitihani. Lakini mwenye kuliendesha, bwana mpole ambaye sote tulimwita Adeer, yaani baba mdogo, alituachia rafu moja kule nyuma, karibu na mashine ya kutoa nakala. Hapo ndipo tulipoweka riwaya zetu za mtumba, na karibu zote zilikuwa za namna moja: fantasia za kuchekesha. Ndani yake mna majoka, wachawi na wafalme kama kawaida, ila mchawi hakumbuki uganga wake mpaka achungulie alichokiandika kiganjani, na mfalme anamwogopa mpishi wake.

Mwenzangu wa kwanza alikuwa dada wa duka la dawa la jirani, Msomali aliyekulia Nairobi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Aliniita abaayo, dada, nami nikamwita vivyo hivyo. Wa pili alikuwa karani wa kaunti, bwana mmoja kutoka Nyeri, ambaye alisoma kila kitabu tulichosoma sisi mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akatangaza kwamba ni takataka.

"Fantasia ni kitu kizito," alikuwa akisema. "Mtu amekaa akajenga ulimwengu mzima, milima, lugha, nasaba za wafalme. Halafu unaleta mzaha katikati? Huko ni kumwaga mchanga kwenye pilau."

"Basi mbona umekimaliza kabla yangu?" nikamuuliza.

"Nilitaka kuona kama kitapata akili mwishoni."

Dada wa dawa alikuwa na sababu yake, na mimi naipenda mpaka leo. Alisema kazini kwake watu humtazama kutwa nzima kana kwamba ana dawa ya kila kitu. Akifika kwenye ukurasa ambapo mchawi mkuu wa dunia ameshindwa kutibu kwikwi, roho yake inatulia. "Abaayo, najiona siko peke yangu," akasema, akaangua kicheko chake kile.

Mimi hoja yangu ilikuwa juu ya waandishi wenyewe. Kuna yule anayetia kichekesho katika kila mstari, kama chai iliyozidi sukari, mpaka unaomba maji. Huyo simtaki. Nampenda yule asiyecheka kabisa. Joka likiwa na kikohozi, yeye anakaa chini kwa makini na kutafuta kikohozi chenyewe ni cha namna gani. Mwandishi akicheka kabla yangu, mimi hununa. Karani akasema nimenuna tangu nizaliwe, tukaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Siku moja Adeer alitoka na birika la chai, uso umemshuka. Duka, kumbe, lilikuwa la mama yake. Mume alipofariki lilibaki kwa mama, na mwana aliendesha tu. Mama huyo alikuwa amesikia kwa majirani kwamba kuna watu wanakaa mbele ya duka lake kutwa wakisoma vitabu vya sihiri na kucheka na majini. Alisema rafu itolewe, mahali pake pawekwe sare za shule.

"Si sihiri, Adeer," nikasema. "Ni porojo tu!"

"Nimemwambia. Akasema basi apewe hiyo porojo asikie mwenyewe, kesho baada ya alasiri. Ikiwa ni ya adabu, mkae. La sivyo, Mwalimu, mimi sina la kufanya."

Naweza kusema sasa bila haya: bila benchi lile, Garissa kwangu ilikuwa joto, chaki na chumba cha kupanga. Shuleni nilikuwa Mwalimu, sokoni nilikuwa mgeni, na pale tu ndipo nilipokuwa mtu wa kuambiwa "wewe nawe!" na watu wawili kwa pamoja. Nikipoteza benchi, nitaenda kubishana na nani, ukuta?

Basi tukaanza kushindana ni kitabu gani kitasimuliwa kwa mama wa watu. Hapo ndipo mjadala wetu ulipopata makali. Mizaha yote ya maneno tuliitupa, maana haivuki kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mizaha ya kumcheka mfalme kwa sababu ni mnene tuliitupa pia, maana tukiitazama vizuri haikuwa na kitu. Ilibaki michache mno.

"Lile joka lenye kikohozi," karani akasema. Nikamgeukia. Kitabu hicho hasa ndicho alichokitukana kuliko vyote! "Usinitazame hivyo," akasema. "Msingi wake umesimama. Kitasimuliwa hata jangwani."

Hadithi ni hii. Mfalme anamtuma mtu mmoja mwenye majigambo akaliue joka. Anafika pangoni akitetemeka, analikuta joka linaumwa: kila likitema moto, moshi unalipalia, linakohoa mpaka machozi. Analihurumia, analichemshia dawa, wanakuwa marafiki. Tangu hapo kila mwaka wanapanga vita vya uongo. Joka linanguruma, mtu anapiga kelele, wanakijiji wanalipa joka mbuzi ili litulie, mfalme anampa shujaa sifa, na wawili hao wanakaa pangoni wakila nyama. Mambo yanaharibika siku mfalme anaposema safari hii atakuja kutazama mwenyewe.

Kesho yake mama alikuja, mrefu, shali nyeupe, tasbihi mkononi. Kiswahili alikijua kwa miaka ya biashara, kwa hivyo nilichaguliwa mimi kusimulia, na dada wa dawa akae tayari kwa Kisomali pakihitajika. Adeer alikuwa ameenda mjini kuchukua karatasi. Nikaanza.

"Haye," akasema mama nilipotaja mfalme. Maana yake ni kama naam, endelea.

Nikafika pangoni. "Haye." Nikafika kwenye kikohozi, pale ambapo dada wa dawa huwa hana mbavu, nikakohoa kama joka kwa ufundi wangu wote mpaka mpita njia akasimama. "Haye," akasema mama, uso mkavu, macho yamenikazia kana kwamba mimi ni redio ya kutangaza vifo. Karani alikuwa anauma midomo. Nikapandwa na hasira, nami nikiwa na hasira huongeza mbwembwe. Nikamfanya mfalme aanguke kwenye punda, nikalifanya joka lijifunike blanketi. Haye. Haye. Haye.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, Ayeeyo," nikasema, yaani bibi.

"Haye." Akasimama, akatushukuru mmoja mmoja, akaenda zake.

Hatukusubiri kufukuzwa. Karani alileta gunia, tukapakia vitabu vyote, yeye akalipandisha kwenye bodaboda akaenda nalo kwake. Dada wa dawa alisema labda mama amechoka, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Nilifika chumbani kwangu nikalia, sisemi uongo, nililia kwa sababu ya joka.

Jumamosi nilienda sokoni kununua maziwa ya ngamia. Wauza maziwa walikuwa wameketi na madumu yao, wanacheka hadi mmoja amejiinamia. Nikauliza kuna nini.

"Mwalimu, hujasikia ile ya simba?" akasema yule ninayenunua kwake siku zote, ambaye kama Wasomali wengi wa pale p humgeukia b. "Kule Hulugho zamani, simba alibata kikohozi. Akinguruma, anakohoa! Sasa chifu akatuma mzee mmoja akamuue. Mzee mwenyewe mdomo mrefu, moyo hakuna. Akafika, akaona simba anaumwa, akamtengenezea chai ya tangawizi..."

Nikasimama pale na dumu tupu mkononi. Mfalme amekuwa chifu, pango limekuwa kichaka, na punda niliyemzua mimi kwa hasira alikuwamo, mzima kabisa.

"Na mzee huyo ni nani?" nikauliza.

"Si yule marehemu wa duka la vitabu, Mungu amrehemu! Mke wake mwenyewe ndiye ametuambia."

Sikuyangoja maziwa. Nilimpitia dada wa dawa, akamwita karani kwa simu, tukafika dukani tukihema. Adeer alikuwa mlangoni, ameshika kichwa.

"Mwalimu, mmemwambia nini mama yangu? Tangu asubuhi watu wananisimamisha barabarani kuniuliza habari za simba wa baba! Baba yangu aliuza mbuzi, kisha madaftari, maisha yake yote. Simba alimjua kwa picha ya kalenda!"

Kutoka ndani sauti ikauliza, "Kwa nini rafu iko tubu?"

Mama alikuwa amesimama kule nyuma, mkono juu ya mbao wazi. Nikamwambia tulidhani amekataa. Nikamwambia hakucheka hata kidogo.

"Mtu analeta habari, mimi nacheka katikati?" Alikasirika kwelikweli. "Mimi sina adabu? Kwetu Hulugho mgeni akileta habari unabokea yote kwanza, kama maziwa. Chombo inajaa, halafu ndio unakunywa. Mimi nilifika nyumbani nikakunywa. Nilicheka beke yangu mbaka jirani akagonga mlango."

Dada wa dawa akajipiga kofi la paji la uso. Msomali mzima, alisema baadaye, na Nairobi imemla adabu zote.

"Lakini hooyo," Adeer akamlalamikia mama yake, "baba, aabo mwenyewe, hakuwahi kuona simba."

"Na joka yao nani ameona?"

Nilimngojea karani aseme kitu juu ya uzito wa fantasia, lakini alikuwa anamtazama mama tu. Maana mama alikuwa ameanza kutikisika mabega. Kicheko kilimtoka polepole, halafu kikamzidi, akashika ukingo wa rafu.

"Alikuwa mwoga," akasema. "Wallahi, mwoga sana! Baka akiruka usiku, yeye nyuma yangu. Simba angemwona, wangelia wote wawili." Akafuta macho kwa shali. "Tangu afe, watu wakimtaja wanasema Mungu amrehemu, wananyamaza. Hakuna mtu anacheka. Na yeye alikuwa mtu ya kucheka. Wiki hii soko yote inacheka na yeye."

Adeer aligeuka akajifanya anapanga madaftari. Mimi, na mdomo wote wa mama yangu, nilimshika tu mkono yule bibi, naye akauacha mkono wake kwenye wangu.

Kisha akatoka nje, akamsogeza karani kwa kiwiko, akakaa katikati ya benchi letu na kujipanga shali.

"Haye," akasema. "Hiyo fitabu zingine ziko wabi? Kuna ingine mzee wangu anaweza kuingia?"

Karani alikuwa keshaondoka kwenda kulileta gunia.