Huyu Mengineyo ni Nani?

Juzi nilipanga foleni kwenye duka la jumla hapa Voi, nyuma ya mume na mke waliokuja kununua vyakula vya mwezi. Mke alikuwa na daftari la matumizi ya nyumbani, kidole chake kikishuka polepole kwenye ukurasa.

"Baba watoto," akasema, "unga naujua, mafuta nayajua. Huyu Mengineyo ni nani? Kila wiki anakula mia tatu na nyumbani sijawahi kumwona."

Mume akakuna kisogo. "Ni vitu vidogo vidogo, mama."

"Vidogo gani?"

"Supu," akanong'ona. "Supu ya mbuzi pale steji ya matatu. Na chapati mbili."

Foleni nzima ikacheka. Mume akanyoosha shingo, akasoma upande wa daftari anaoandika mkewe. "Na hii Dharura ya mia saba? Nani aliugua?"

Mke akaishika leso mpya aliyojifunga kiunoni. "Ilikuwa imebaki moja tu," akasema, kisha akaangua kicheko mpaka akaegemea magunia ya mchele. Mume naye akacheka, akipangusa machozi.

Walipotulia, mke akaazima kalamu ya mwenye duka, akayakata maneno yale mawili na kuandika "supu" na "leso".

"Sasa twende huko steji," akamwambia mumewe. "Nami nionje."

Mimi huandika matumizi yangu kila jioni, na sijawahi kuburudika hata siku moja. Hawa wawili walitoka wameshikana mikono, mwenye duka akiwakimbilia na unga waliokuwa wameusahau.