Neno "Baba" na Ng'ombe wa Mahari

Nilicheka mbele ya wakwe wa kaka yangu siku waliyokuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Sisemi nilitabasamu. Nilicheka kwa pua, kile kicheko kinachotoka na makamasi.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Watu wa upande wa binti husimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wanatolewa mmoja mmoja, na msemaji wao anasema huyu ndiyo, huyu hapana. Ila hawaangalii ng'ombe peke yake. Wanaangalia na nyuso za wenyeji. Ukikohoa vibaya tu, wanajua hapo kuna kitu kimefichwa. Ndiyo maana baba alituonya mapema: "Leo nyuso zote ziwe za kanisani." Kaka alilima pamba misimu mitatu akiisubiri siku hiyo, na tulishasikia kuna mwanaume wa Maswa anaomba wageni hawa waondoke kwetu na hasira, apeleke ng'ombe wake yeye.

Balaa lilianzia kwenye simu ya mama. Jana yake nilikuwa nasoma jinsi neno moja fupi linavyozurura duniani. "Baba." Kwetu, Kisukuma au Kiswahili, baba ni baba. Kwa Waturuki, ambao hatujawahi kuchunga nao, vilevile. Warusi wakisema baba wanamaanisha mwanamke, hasa yule wa shamba. Kwa Wajapani ni bibi kizee, tena ukilitamka unamdharau. Wala hakuna aliyemwibia mwenzake. Watoto wachanga wote wanabwabwaja ba-ba, kila ukoo ukajichukulia maana yake. Ningeishia hapo, ningekuwa msomi.

Asubuhi wageni wakafika kutoka Mwamapalala. Msemaji alikuwa baba mkubwa wa binti: mzee mwembamba, shuka begani, sauti nyembamba kama filimbi. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba." Hapo hapo kichwani Wajapani wakaamka.

Nikajizuia. Ng'ombe wa kwanza, baba yangu akasema kwa adabu, "Baba, mwangalie huyu." Nikauma ulimi. Wa pili: "Baba, na huyu?" Nikajifinya paja. Walipita sita, wote wakakubaliwa. Akatoka wa saba, mwekundu, pembe moja imepinda. "Baba, huyu usimwogope, ni mpole."

Pua ikanisaliti.

Mzee akashusha fimbo. "Huyu ng'ombe ana nini?"

"Hana kitu, baba," baba akajibu haraka.

"Mbona mtoto wenu anacheka?"

Wakamfungua mdomo, wakamhesabu meno, wakamminya kiwele, wakainua mkia, wakamtembeza. Hawakuona kitu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. "Ugonjwa usioonekana ndio mbaya," mzee akasema. "Rudisheni wote. Na wale sita." Wenzake wakaanza kuokota fimbo zao.

Kaka alikuwa ameshika mti wa zizi kwa mikono miwili. Hakunitazama. Alinong'ona tu, "Dogo, sema kitu. Chochote."

Ningeweza kudanganya. Uongo ninao wa kutosha, waulizeni walimu wangu. Lakini uongo wowote ambao ningeutupa pale ungemwangukia ng'ombe.

"Mzee," nikasema, "sikumcheka ng'ombe. Nilikucheka wewe."

Baba akafumba macho. Nikaeleza yote, Waturuki mpaka Wajapani.

"Kijapani?" mgeni mmoja akauliza. "Huyu kalogwa."

Mzee akanyamazisha watu kwa kiganja. "Kwa hiyo ulipopiga goti, moyoni ulikuwa unasema shikamoo, bibi?"

"Ndiyo, mzee. Bibi... kizee."

"Hao Wajapani wana ng'ombe?"

"Wanao."

"Wanawatoa wakioa?"

"Sijui, mzee."

"Basi hawajui lolote." Hakucheka. Nilimchunguza sana, hakucheka. "Ng'ombe hana kosa. Mtoto ndiye mwenye kosa, na kosa linalipwa." Akavuka uwanja polepole mpaka nyuma ya jiko, akanyoosha fimbo kwa mtamba wa madoadoa ambaye hakuwa kwenye hesabu kabisa. Alikuwa wa mama, kazaliwa na ng'ombe wake mwenyewe, na mama alikuwa akimlisha maganda ya viazi mkononi. "Mkimwongeza huyu, yameisha. Mkikataa, tunaondoka."

Baba akageuka. Huyo hakuwa wake kumtoa. Akamtazama mama, kaka naye akamtazama mama, mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mama akaenda akampa mtamba ganda la mwisho.

"Mchukueni," akasema.

Kaka akapata mke. Walipoondoka na kundi, ng'ombe wa mama, yule aliyemzaa mtamba, alianza kuita akielekea njia waliyopita. Aliita mpaka jua likashuka. Mama akatoka jikoni, akaniona nimejikunja mlangoni, akasema:

"Nenda kakae na yule ng'ombe. Akimlilia mwanawe, mchekeshe."