Ngumi ya Bibi Ukutani

Juzi pale Pasiansi vijana walikuwa wanapaka rangi ukuta wa barabarani, wakimwita kila mpita njia aweke kiganja chake. Mimi, badala ya rangi, nikanusa samadi mbichi na udongo uliolowa wa utotoni mwangu.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, kule Sengerema, akina mama walikandika kanisa letu jipya huku wakiimba, na kila kaya iliacha viganja vyake ukutani. Niliamini kwamba asiyeacha alama hataruhusiwa kuingia. Bibi yangu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na baridi yabisi, alibaki nyumbani. Nikakimbia kumvuta.

“Twende, Bibi, ukuta unakauka!”

“Kwa mikono hii, mjukuu wangu? Nitawaharibia.”

“Basi utasali nje, na mvua ikunyeshee.”

Alicheka, akainuka.

“Haya, mkaguzi kafika!” akina mama wakamtania, wakimpisha. Bibi alichovya ngumi kwenye udongo mweupe, akaikandamiza ukutani kwa nguvu zake zote.

Leo najua kwamba Mungu hamdai mtu alama mlangoni. Namshukuru kwa kunificha jambo hilo siku ile. Jumapili iliyofuata Bibi, ambaye siku zote alikaa nyuma kabisa, alipita katikati ya watu, akaketi mbele.