Tulipobaki Wawili Nkanka

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ikinifikia puani, kwangu bado ni saa ya mazoezi. Kiwanja chetu cha Nkanka kilikuwa kipande cha ardhi juu kidogo ya ziwa. Akina mama walianikia mihogo nusu yake, nusu nyingine wakatuachia kwa sharti kwamba mpira usiguse turubai lao. Uliligusa kila siku, na kila siku tulitukanwa vizuri. Kocha wetu, Papa Kevine, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi kwetu akiwa mtu mzima, aliufurahia ule ufinyu. Makocha wengine walikimbiza watoto kilimani hadi watapike; yeye alicheka, akasema, "Kilima ni ya mbuzi. Pumzi ya mupira inatoka mu mupira." Akatugawa watatu kwa watatu, magoli ya kandambili, bila kipa. Ukipoteza mpira unaufuata, ukiupata unakimbia, na kabla hujameza mate umeshaupoteza tena.

Watatu hao aliwaita familia, na alikuwa na sheria ambayo sijaiona kwa kocha mwingine. Familia haibadilishwi msimu mzima, wala haiazimi mtu. Mwenzenu asipokuja, mnacheza wawili dhidi ya watatu, mpate kujua uzito wake. Familia yetu ilikuwa mimi, rafiki yangu Zawadi, na kaka yangu Fiston, aliyenizidi miaka miwili ya umri na kumi ya majigambo. Nilimpenda kupita kiasi na sikumwambia hata siku moja.

Wiki zilivyopita, vifua vyetu vilifunguka. Zawadi, aliyekuwa akiomba maji kila mara, sasa alikimbia huku akipiga soga. Fiston, yeye, pumzi yake ilirudi nyuma. Kwenye uwanja mkubwa wa shule alikuwa beki. Alisimama, akangoja, akapiga mpira mbele, na hakuna aliyegundua kitu. Kwenye kile kipande hapakuwa na pa kujificha. Alishika magoti, midomo ikambadilika rangi, na tukimtazama anasema, "Niko bien. Leta balo," yaani yuko sawa, tumpe mpira. Watoto walimwita mvivu. Papa Kevine peke yake hakucheka. Jioni moja alikuja nyumbani, akakataa hata kuketi. "Maman Fiston, uyu mutoto si muvivu. Benzake banaongeza pumzi, ya yeye inapunguka. Mumupeleke hospitali." Hadi jioni ile Mama alikuwa anaamini ni njaa tu, akawa anamwongezea uji. Hospitalini walisema moyo wake umeharibika, pengine kwa maumivu ya koo aliyowahi kuugua, tuliyoyachukulia kuwa mafua, na kwamba asikimbie tena.

Alikuja kiwanjani hata hivyo, akawa anaketi karibu na turubai. Sheria ilikuwa sheria, nasi tukacheza wawili. Tulifungwa mpaka aibu. Niliona anavyoumia, na hakuwa akijionea huruma yeye, alituonea sisi. Siku moja mpira uliporomoka hadi ziwani, Papa Kevine akateremka kuufuata, sisi tukaendelea na wa matambara. Fiston alivua viatu, akaingia kucheza. Alicheza muda mfupi tu, akafunga, akacheka kwa sauti niliyokuwa nimeshaanza kuisahau, kisha akaanguka. Papa Kevine alimbeba mgongoni hadi nyumbani, analia njia nzima, "Nilifanya nini na iyi sheria, Mungu wangu?" Fiston hakuinuka tena kitandani. Alifariki kabla mvua hazijakatika.

Baada ya mazishi, Papa Kevine aliivunja sheria yake, akatuletea mtoto mpole aliyehamia kutoka Gashonga. Hakuwa na kosa lolote, maskini. Lakini nilikuwa natoa pasi bila kutazama, mpira unakwenda pale alipozoea kusimama Fiston, unapita, unaingia kwenye mihogo. Wale mama hawakututukana tena.

Sasa nafundisha watoto Kamembe. Nina koni, vizibao vya rangi na filimbi ya kweli, na bado nawachezesha watatu kwa watatu, maana sijaona mazoezi mengine yanayojenga pumzi huku mtoto akidhani anacheza tu. Mmoja akikosekana, naweka mwingine papo hapo. Mtoto akipungukiwa pumzi wakati wenzake wanaongeza, namsimamisha na kuwaita wazazi siku hiyo hiyo. Wengine wananiona msumbufu. Watu husema kazi hii inanifariji. Hainifariji. Nikimwona mtoto ametoka mzima kwa daktari, nafurahi, halafu nashikwa na hasira kwamba wetu tulimchelewesha.

Mwaka huu mwanangu wa kwanza ameupita umri aliofia Fiston. Juzi, akifunga kamba za viatu, aliniuliza habari za mjomba wake, "Maman, tonton alikuwaka anacheza numero ngapi?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikakumbuka kwamba pale hatukuwa na namba. Nikamwambia alikuwa wa tatu wetu. Mwanangu akaacha viatu vyake akaja kunishika.