Posa Kwenye Duka la Jibini

Hebu mwone Enoch Larkby akiingia duka la jirani yake, kofia mkononi, nywele zimekolea mafuta, koti la kanisani mwilini ingawa ni Jumanne. Amekuja kuposa.

Larkby ni fundi na muuzaji wa hadubini za shaba, hapa hapa London, na mtaa mzima unamjua. Tangu ujana wake ameuza kwa mbinu moja tu. Mteja akisitasita, yeye huweka chembe ya jibini chini ya lenzi na kumwambia achungulie. Mteja huona utitiri mnene, wenye manyoya, ukitambaa kama ng'ombe malishoni. Hushtuka, hucheka, kisha hununua ili akawatishe wakwe zake.

Jibini yenyewe Larkby huinunua kila asubuhi kwa Bi. Thirza Mudge, mjane wa mlango wa pili. Ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa upande wa Larkby angalau. Jambo ambalo hakuwahi kujiuliza ni hao wateja wake, wakishafika nyumbani, walikula mkate na nini.

Bi. Mudge alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta kisu. Akamwuliza kama ameona rafu zilivyojaa. Larkby akampongeza kwa neema hiyo.

"Neema gani, jirani? Jibini hii imenidodea. Wote wameshachungulia kwako. Juzi mke wa mchungaji kaniuliza kama siku hizi nauza kwa uzito au kwa idadi ya miguu."

Larkby akaapa kwamba vidudu vile havina madhara, watu wamevila tangu enzi za mababu na wakazeeka vizuri tu.

"Basi hutapata shida." Akamkatia kipande kinene kutoka rafu ya juu, ile iliyokaa kuliko zote, akafungua mlango wazi. "Kula hapa kizingitini, Bwana Larkby, wakuone. Halafu tuyazungumze hayo ya ndoa."

Wapita njia wakaanza kusimama, mke wa mchungaji mbele yao. Larkby akakiinua kipande mpaka karibu na mdomo. Jicho lake la kushoto, kwa mazoea ya kuchungulia lenzi, likajifumba lenyewe.

Na lipo jambo ambalo Bi. Mudge hakulijua. Katika jibini yote aliyomwuzia miaka yote hiyo, mtu huyu hakuwahi kuonja hata chembe.

Wewe ungehitaji kumpenda kiasi gani, ndipo umeze?